Kiti Changu, Mkono wa Mtu Mwingine

Mathe ana kovu kwenye mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, na aliyelisababisha ni mimi. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Ametoa sufuria ya chai kwenye jiko la gesi, anapita katikati ya meza na mlango, nami natoka chumbani na kiti changu. Nikasukuma jostiki kushoto kidogo nimpishe. Kiti hakikusonga. Nikaongeza. Kimya. Nikaongeza tena, na hapo kikaamka kwa mpigo mmoja, kikageuka kikapita pale nilipotaka kisimame, na chuma cha kuwekea miguu kikamgonga. Chai ya maziwa ilikuwa imetoka tu kuchemka.

Neno la kwanza alilosema ni pole. Yeye ndiye ameungua na ananiambia mimi pole. Jioni, mguu ukiwa umefungwa bandeji, akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kuumiza: "Ujaribu kuendesha polepole, mwanangu." Kufikia Jumatano ploti nzima ilikuwa inajua kwamba kijana wa kiti cha stima hajui kuendesha. (Ndiyo, huku kwetu tunakiita kiti cha stima. Ukimwambia mgeni hivyo anafikiria wafungwa wa Marekani.)

Niliamini hivyo kwa karibu miaka mitatu. Nilipata ajali ya boda nikiwa na miaka 18, shingo ikavunjika, na vidole vya mkono wa kulia havinisikii tena, kwa hivyo nasukuma jostiki kwa ubavu wa kiganja. Kiti kikigonga fremu ya mlango, mimi ndiye nilikuwa naomba msamaha. Mkono mbovu, si ndiyo? Sasa najua ukweli, na ukweli umenikasirisha kuliko ajali yenyewe. Kiti kilikuwa kimepangwa kwa mkono wa mtu mwingine, na wenye uwezo wa kukipanga upya walikuwa wamekaa na ufunguo mfukoni.

Wacha nieleze hiki kitu kinavyofanya kazi, kwa sababu hata wengi wetu tunaokikalia hatujawahi kuambiwa.

Kiti cha umeme hakina usukani. Kina mota mbili, moja kila upande, na magurudumu madogo yanayofuata tu kama mkia. Ukitaka kwenda kushoto, mota ya kulia inazunguka haraka kuliko ya kushoto. Anayeamua tofauti hiyo ni kontrola, kisanduku kinachosoma jostiki imelala upande gani na kwa kiasi gani, kisha kinagawa stima ya betri. Lakini kontrola haitii mkono wako moja kwa moja. Inapitia kwanza orodha ya namba zilizohifadhiwa ndani yake. Kasi ya mwisho ya kwenda mbele ni ngapi? Kasi ya kugeuka? Ichukue muda gani kufika hapo? Mkono ukiachilia, kiti kiendelee kugeuka kwa muda gani kabla hakijatulia? Jostiki isukumwe umbali gani ndio ihesabiwe kuwa imesukumwa? Na kama mkono unatetemeka, mtetemeko huo upuuzwe kwa kiasi gani?

Ubaya wa namba hizi ni kwamba zikikosewa, kosa linafanana kabisa na ujinga wako. Namba ya kuanza kugeuka ikiwa chini sana, unasukuma na hupati jibu, unasukuma zaidi, halafu unaletewa jibu la ile sukuma ya pili. Ile ya kutulia ikiwa chini, unaachilia na kiti kinaendelea, unarudisha kulia, kinapita tena, na sasa unatembea kama mtu anayetoka keg saa tano usiku. Ile ya mtetemeko ikiwa juu, kiti kinachuja mkono wako hadi kila unachosema kinafika kimechelewa.

Halafu kuna moja ambayo sikuwahi kuisikia hadi nikiwa na miaka 24. Mota ikipewa mzigo, tuseme kizingiti, au zulia, au yale magurudumu madogo yakiwa yametazama upande usiofaa, inahitaji stima zaidi ili isogee taratibu. Kontrola inakadiria mzigo na kuongeza. Inakadiria kwa kutumia namba ya ukinzani wa mota, ambayo hupimwa kwa miliomu. Namba hiyo ikiwa chini kuliko inavyofaa, kiti kinakwama, unasukuma, unasukuma, kisha kinajinasua kama ng'ombe aliyekata kamba. Ikiwa juu mno, kinakuwa na wasiwasi, kinashtuka ukikigusa tu.

Rudi kwenye kisa cha chai usome tena.

Na ule ushauri wa mathe, wa kwenda polepole? Niliufuata. Nilishusha kile kitufe cha spidi hadi chini kabisa. Kiti kikazidi kuwa kibaya ndani ya nyumba, kwa sababu ukishusha spidi unapunguza pia nguvu ya kuvuka kizingiti, kwa hivyo kinakwama zaidi na kunasuka vibaya zaidi. Kila nilipojitahidi kuwa mwangalifu nilionekana mzembe. Hebu ishi hivyo miaka mitatu halafu uniambie kuhusu kujiamini.

Kiti chenyewe ni mtumba kutoka Marekani. Sina shida na mtumba, nusu ya Nairobi imevaa mtumba. Ukinunua suruali Gikomba na kiuno ni kikubwa, hatua chache kutoka hapo kuna fundi na cherehani yake, anakupima kwa macho, anapunguza, unaenda kazini Jumatatu ukiwa umependeza. Hakuna anayekuambia kiuno cha suruali hiyo ni siri ya kiwanda. Kiti changu kilifika na kiuno cha mtu mwingine, mtu ambaye bila shaka alikuwa na vidole vyenye nguvu na nyumba yenye milango mipana, na nikaambiwa nikivae hivyo hivyo.

Siku ya kukabidhiwa kulikuwa na tenti, fulana za rangi moja, maombi, na mpiga picha. Niliombwa niendeshe kidogo kuelekea kamera. Mbele, moja kwa moja, kwenye uwanja wa wazi. Kiti chochote kinajua kwenda mbele kwenye uwanja wa wazi. Hakuna aliyeniuliza mlango wa kwetu una upana gani. Ni sentimita 80, na kiti ni 65. Nina sentimita saba na nusu kila upande za kukosea, na mkono usio na vidole wa kukosea nao. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008, tena wa viti vya kusukuma kwa mkono, na mwingine mwaka 2023, na yote miwili inasema jambo ambalo mama yeyote anayemnunulia mtoto viatu vya shule analijua: mpime mtu, mrekebishie kiti kimtoshe, mfundishe kukitumia, kisha rudi umwangalie. Mimi nilipigwa picha.

Ukisema haya unaambiwa ushukuru. Neno hilo limenifuata kuliko kivuli. Shukuru kuna wenzako wanatambaa. Shukuru hicho kiti kipya ni bei ya gari. Ni kweli, kuna wanaotambaa, na sioni vile mimi kumchoma mama yangu kunawasaidia kusimama. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nimekaa miaka mitatu matako nje nikitabasamu kwa sababu aliyeniazima alikuwa na nia njema. Sijawahi kukosa shukrani. Nilichokosa ni namba sita kubadilishwa, kazi ya alasiri moja, isiyohitaji hata spana.

Usidhani sikutafuta msaada. Nilikipeleka kiti Luthuli Avenue, kwa jamaa mmoja anayerekebisha redio za matatu. Alikifungua, akapima waya, akapima mota, akakaa kitako akakitazama. Akaniambia, "Boss, hii kitu haina ugonjwa. Kila kitu iko poa. Ni setingi. Na hizo setingi ziko ndani ya hii box, na mimi sina njia ya kuingia." Alikataa pesa yangu. Alikuwa sahihi kuhusu kila kitu, kwa sababu namba hizo hazifikiwi kwa bisibisi. Unahitaji kidude cha mkononi, kama rimoti yenye waya, au laptopu yenye programu na kebo maalumu, na kwa viti vingi vya aina hii kampuni huviuza kwa mawakala wake tu. Ukichomeka bila idhini, kontrola inakuonyesha mlango uliofungwa.

Basi nikampigia wakala, simtaji. Alitaka shilingi elfu kumi na tano za kufika tu, kabla ya kugusa kitu. Nikamuuliza kama akishamaliza atanionyesha amebadilisha nini, ili nikihitaji tena nijue. Akacheka, si kwa ubaya, na kusema hiyo ni ya mafundi walioidhinishwa. Nikamuuliza, na kiti ni cha nani? Hapo simu ikawa na shida ya mtandao.

Wakati huo nilikuwa chuo, mwaka wa pili. Jengo letu lilikuwa na njia ya mteremko yenye kona kali katikati na haina kizuizi upande mmoja. Kila asubuhi nilifika pale nikasimama kama mtu anayesubiri kuvuka Mombasa Road. Siku moja, katikati ya kona, kiti kiliendelea kugeuka baada ya mimi kuachilia. Gurudumu moja dogo lilitoka nje ya ukingo, tukaanguka wote wawili. Mimi nilichubuka tu. Chuma cha miguu kilipinda, na wiki zilizofuata nilisubiri mtu wa kukinyoosha nikiwa kitandani, CAT zikipita moja baada ya nyingine. Sikurudi. Karo nayo ilichangia, sitadanganya. Lakini kwenye fomu ya kuacha masomo kulikuwa na nafasi ya sababu, na karani aliandika "ulemavu" bila kuniuliza. Ulemavu wangu ulikuwepo tangu siku ya kwanza na nilikuwa napita mitihani. Kilichonitoa darasani ni namba ya kutulia iliyowekwa chini sana.

Tulikuja kuibadilisha kwenye uwanja wa ploti yetu, Jumamosi moja, kwa dakika nne.

Ilitokea hivi. Kliniki ninayokwenda kuna dada wa fizio ambaye siku moja aliniona nikigonga mlango wake mara tatu. Hakusema pole. Alisema, "Hicho kiti kinakudanganya." Ndiyo sentensi bora kabisa niliyoambiwa tangu nivunjike shingo. Kumbe kwenye kabati la stoo yao kulikuwa na kidude cha kuprogramu kilicholetwa miaka ya nyuma pamoja na msaada fulani, bado kwenye plastiki yake, hakuna aliyefundishwa kukitumia. Kinaingiana na kontrola yangu. Alikisaini akakiazima kwa wikendi, akaja kwetu Jumamosi na daftari.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kunakili namba zote za zamani, ili tukiharibu turudi tulikotoka. Kisha akapanga chupa mbili za soda uwanjani, sentimita 80 kati yake, huo ndio mlango wetu. Sheria ilikuwa moja: tubadilishe kitu kimoja, kidogo, kisha nipite kwenye chupa, kisha niseme mkono umesikia nini. Kasi ya kugeuka ilikuwa 45 kwa mia. Tukaishusha hadi 28, kwa sababu ndani ya nyumba sihitaji kugeuka kama konda anayeona karao. Watu huishia hapo, akasema, wanashusha kasi wanafikiri wamemaliza. Tukapandisha ile ya kutulia kutoka 20 hadi 55, na kwa mara ya kwanza niliachilia jostiki na kiti kikasimama pale mkono uliposimama. Nilirudia kama mara kumi. Majirani walifikiri nimechizi. Tukaongeza kidogo ile ya kuanza kugeuka ili kisinicheleweshe. Tukafupisha safari ya jostiki, kwa kuwa kiganja changu hakifiki mwisho, kwa hivyo nilikuwa sijawahi kupata kasi yote ya kiti na wala sikujua. Ile ya miliomu tuliiacha mwisho: tukaipandisha hatua kwa hatua hadi kiti kikaanza kushtuka, kisha tukarudi nyuma hatua mbili. Halafu akatengeneza mpangilio wa pili wa barabarani, wenye kasi zaidi ya mbele, ninaouchagua kwa kitufe nikitoka getini.

Saa kumi jioni niliingia ndani. Nikavuka kizingiti. Nikapita katikati ya meza na mlango bila kugusa chochote, nikageuka, nikatoka tena. Mathe alikuwa amesimama kando ya jiko na, bila kufikiria, alikuwa ameinua mguu wa kushoto.

Najua jibu la watengenezaji, nimelisikia, na si la kipumbavu. Wanasema ni usalama. Mtu akijiwekea kasi ya kugeuka ya juu anaweza kupinduka, akipandisha namba ya kuondoka kiti kinaweza kuinua pua kwenye mlima, kisha familia inashtaki. Ni kweli. Jumamosi hiyo hiyo, dada akiwa ameingia ndani kunywa maji, nilipandisha kasi ya kugeuka hadi 70 nione, na nusura nirushwe kwenye kamba ya nguo. Alinitukana vizuri sana. Lakini angalia hoja hiyo inavyokula mkia wake. Mpangilio uliotoka nao kiwandani, au kwa mwenye kiti wa kwanza, ndio ulionitupa ukingoni na kumchoma mathe. Kufuli haikuzuia hatari, ilizuia tu kuiondoa. Kama wasiwasi ni kwamba hatujui, basi tufundisheni. Boda tunapewa wote na barabara za Nairobi zinaua, hakuna aliyependekeza klachi ya boda ifungwe hadi aje wakala kutoka ng'ambo. Mwili wangu pekee ndio unafikiriwa hauwezi kuaminiwa na mashine yake.

Huko huko kiti changu kilikotoka, watu wamegombania hili. Jimbo la Colorado lilipitisha sheria mwaka 2022, ikaanza kutumika Januari 2023, inayowalazimisha watengenezaji wa viti vya umeme kuwapa wenye viti na mafundi wa kujitegemea vipuri, programu, zana na maelezo ya ukarabati. Kwa hivyo ukiniambia haiwezekani, unamaanisha haiwezekani kwetu. Kwetu tuna Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, kinachosema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Kushinda vikwazo, si kupigwa navyo picha. Kifaa ambacho kinakataa kusikia mkono wako ni kikwazo kingine chenye betri.

Na wala sisi wenyewe sitatuacha. Nimekaa kwenye warsha za hoteli, kalamu na daftari za bure, samosa saa nne, tukizungumzia ujumuishi hadi jua linazama. Sijawahi kusikia mtu akisimama kuuliza kasi yako ya kutulia ni ngapi. Tunaona ni maneno ya mafundi. Tunapenda maneno makubwa kwa sababu hakuna anayeweza kuyapima kwa chupa mbili za soda.

Ukileta kontena la viti, leta na kidude chake na mtu wa kufundisha wawili watatu wabaki nacho. Ukimkabidhi mtu kiti, mpe na karatasi yenye namba zake, kama vile hospitali inavyokupa kadi ya dawa. Yule jamaa wa Luthuli angejifunza haya kwa wiki moja, na angelipisha chini ya elfu kumi na tano. Mkiona ni gharama, punguzeni fulana.

Mimi mwenyewe bado sijamaliza. Tangu baridi ya Julai mkono umeanza kukaza, na hasa asubuhi unarusha bila kuniuliza. Namba za Jumamosi ile hazinitoshi tena, nataka ile ya mtetemeko ipande kidogo na safari ya jostiki irefushwe. Ni dakika kumi. Nilirudi kliniki, nikaambiwa dada alihamishwa kaunti nyingine, kabati lina kufuli, na mwenye stoo hawezi kutoa kifaa bila barua, kwa sababu kwenye rekodi zake hakuna anayejua ni cha nini. Barua nimeiandika, na nimeeleza ni cha nini kwa kurasa mbili. Jumatatu naipeleka.